Darasani naitwa Mama IT, lakini sijui kompyuta

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 43, mwalimu wa shule ya msingi. Nimeshika chaki miaka 18, mingi kati ya hiyo darasa la pili na la tatu, na kwenye kufundisha watoto kusoma na kuandika hakuna anayenibabaisha. Mwaka juzi niliomba ruhusa ya masomo nikapata. Sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya ualimu, mbali na nyumbani. Barua hii nimeiandika kwa mkono, nikapiga picha kurasa zote nne na kukutumia WhatsApp, kwa sababu sikutaka kijana wa steshenari aisome. Ukifika mwisho utaelewa.

Sijui kutumia kompyuta. Nimelitanguliza hilo maana sijawahi kumwambia mtu.

Wiki ya kwanza chuoni tulipelekwa maabara ya kompyuta. Tulikuwa zaidi ya sitini, mashine hazifiki thelathini, tukakaa watatu watatu. Mhadhiri akawa mbele, kioo chake kinaonekana ukutani, akasema fungueni Word, bonyezeni mara mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kipanya. Kile kimshale kikaruka kikapotelea pembeni. Nikakirudisha, nikabonyeza, nikabonyeza tena, hakuna kilichofunguka. Kumbe nilikuwa nachelewa kati ya bonyezo la kwanza na la pili. Jasho likanitoka. Kijana aliyekaa kushoto kwangu, umri wa mwanangu wa kwanza, akasema, "Mama, lete," akakitoa kipanya mkononi mwangu taratibu, kwa heshima kabisa, akafungua. Sikukigusa tena mpaka semesta ikaisha. Nilikuwa nakaa katikati yao na daftari, naandika kila kinachosemwa.

Daftari hilo ndilo lililoniponza. Mtihani ulikuwa wa karatasi. Taja vifaa vitano vya kuingizia taarifa kwenye kompyuta. Eleza tofauti ya hadiwea na softiwea. Taja hatua za kuhifadhi faili. Nilikuwa nimekariri yote, nikapata A. Kuna vijana wanaokesha na kompyuta zao walipata C. Tangu siku hiyo naitwa Mama IT, na mimi nacheka nao.

Asaimenti zangu zote naandika kwa kalamu, kisha nazipeleka steshenari nje ya geti. Kijana wa pale ananichapia kwa sh 1,000 ukurasa, kuprinti sh 200. Ndiye aliyenifungulia barua pepe, akaweka namba yake ya simu kwa kuwa siku hiyo simu yangu ilikuwa imezima. Nywila zote anazo yeye: ya barua pepe na ya mfumo wa chuo ninakoangalia matokeo na kutoa namba ya kulipia ada. Na kule kwetu kuna kijana mwingine wa pale stendi, huyo ndiye aliyeniingiza ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa serikali, nikaomba ruhusa ya masomo, ndiye alikuwa ananijazia PEPMIS, ule wa kupimia utendaji wetu wa kazi, na salari slipu zangu anazitoa yeye.

Mwanzoni huyu wa chuoni alikuwa anachapa tu nilichoandika. Baadaye akawa ananinyooshea Kiingereza. Kisha akawa ananiongezea marejeo ili orodha iwe ndefu. Semesta hii nilimpelekea kurasa tano, zikarudi saba. Utangulizi haukuwa wangu kabisa. Akaniambia, "Mama, nimeipitisha kwenye akili mnemba, sasa imekaa vizuri." Ilikuwa saa nane mchana na kazi ilitakiwa saa kumi, sikubishana. Wiki iliyofuata mhadhiri akausoma utangulizi ule ule mbele ya darasa, akasema hivi ndivyo mtu mzima anavyoandika. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Mwezi uliopita yule kijana alifiwa na baba yake, akafunga duka siku nane. Kazi yangu iko kwenye kompyuta yake, nywila anazo yeye, simu yake haipatikani. Nilisimama mbele ya lile kufuli kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Nikamwambia mhadhiri nilikuwa naumwa.

Usidhani mimi ni mshamba wa simu. Mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu cha walimu, michango yote inapita kwenye simu yangu, na kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa langu mimi ndiye admini. Lakini kompyuta ni kitu kingine.

Laptopu ninayo. Mume wangu aliuza magunia kumi ya mahindi kuninunulia. Iko chini ya kitanda, kioo bado kina ile plastiki ya dukani. Huwa naitoa kuangalia kwaya.

Kilichonifanya nikuandikie ni simu ya mwalimu mkuu. Kuna mfadhili ameahidi shule yetu kompyuta nane, na kwenye kikao cha wazazi mkuu akasema wasiwe na wasiwasi, mtaalamu wetu yuko chuo, anarudi mwakani. Wazazi wamefurahi sana. Na hapa chuoni semesta ijayo tunaanza utafiti. Msimamizi wangu anataka tufanyie kazi kwenye faili moja la mtandaoni, yeye anaandika maoni na mimi nasahihisha hapo hapo huku anaona.

Kuna binti darasani wa miaka 22. Siku moja tukiwa foleni ya chakula aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ukitaka tuwe tunafanya kompyuta jioni, mimi nipo." Nilimjibu kwa ukali: "Kwani nani kakwambia sijui?" Tangu siku hiyo ananisalimia kwa mbali.

Nifanyeje? Nimwambie mwalimu mkuu atafute mtu mwingine? Nimwambie msimamizi ukweli? Au nimalize hivi hivi na kijana wangu, maana umebaki mwaka mmoja na kidogo? Vidole vyangu vimezoea chaki, naona nimeshapitwa na wakati wa mambo haya. Na ile A, wakijua, watasemaje?

Mama IT asiyejua kompyuta

*

Marahaba, mwalimu. Karibu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Ngoja niirudie kwa maneno yangu, nawe unisahihishe nikikosea. Kwa nje unaonekana mjuzi: una A, una jina la utani, utangulizi wako umesomwa mbele ya darasa, na kompyuta nane zinakusubiri kijijini. Kwa ndani unajua kwamba kila kazi yako iliyopita kwenye kompyuta imepita mikononi mwa mtu mwingine. Mpaka leo pande hizo mbili hazijakutana. Semesta ijayo zitakutana, kwa sababu msimamizi atakuwa anaangalia faili lile lile unaloliandika, na pale hakuna nafasi ya kijana wa steshenari kukaa katikati.

Lakini naona umefunga mambo matatu kwenye furushi moja, na furushi zima umeliita "sijui kompyuta". Nikilifungua, la kwanza ni kwamba hujui kuchapa. La pili ni kwamba maneno yasiyo yako yameanza kuingia kwenye kazi yenye jina lako. La tatu ni kwamba funguo zako zote ziko kwa watu wengine. Aibu yako yote umeiweka kwenye la kwanza. Sijui kama inastahili kukaa hapo.

Mimi maisha ya kazi niliyaanza nikiwa mpiga chapa ofisini, enzi za taipureta. Mwalimu wetu alikuwa anatufunika mikono kwa kitambaa tusione herufi. Nimewachapia watu tasnifu ambao leo wanaitwa madaktari, na wengi wao hawakuwahi kugusa ile mashine. Waliandika kwa kalamu, tukachapa, wakasahihisha, tukachapa tena. Hakuna aliyesema hawajasoma. Kwa hiyo ukiniuliza kama kumlipa mtu akuchapie ulichokiandika ni udanganyifu, mimi naona ni huduma kama nyingine, ili mradi kilichoingia ndicho kilichotoka.

Ila zako ziliingia tano zikatoka saba.

Hapo ndipo ningekuomba ukae kidogo, maana umepapita haraka kwenye barua. Chukua ile asaimenti, fungua ukurasa wa mwisho, shika kalamu nyekundu unayosahihishia madaftari. Weka vema kwenye kila rejeo ulilowahi kulishika mkononi au kulisoma angalau kurasa chache. Yatakayobaki bila vema, nenda maktaba ya chuo uulize kama vitabu hivyo vipo. Nasema hivyo kwa sababu hii akili mnemba ina tabia ya kutunga jina la kitabu na la mwandishi, ikaweka na mwaka, na kitabu chenyewe hakipo duniani. Kijana wako anaweza asijue. Msimamizi wa utafiti atajua siku atakayokuuliza, "Hapa ulipomnukuu huyu, alikuwa anabishana na nani?" Siku hiyo kuchapa haraka hakutakusaidia.

Sasa lile la tatu. Mengine yote nitakuachia uyapime, lakini hili la nywila ningependa usilale nalo siku nyingi. Sisemi kijana wako ni mwizi. Naona ni mtu mwema, amefiwa na amerudi kazini. Lakini simu huibiwa, laini hupotea, duka huuzwa pamoja na kompyuta zake. Akaunti ya barua pepe iliyofunguliwa kwa namba yake, mbele ya mashine, ni akaunti yake. Ukijaribu kubadilisha nywila peke yako, huenda ile tarakimu ya uthibitisho ikatumwa kwenye simu yake. Kwa hiyo usifanye kwa kujificha, utakwama. Nenda mchana duka likiwa halina watu, na simu yako imejaa chaji. Mwambie, "Mwanangu, nataka barua pepe yangu isome namba yangu." Hana sababu ya kukataa. Fungua mipangilio ya akaunti kwenye simu yako, sehemu ya usalama, ubadilishe kwanza namba ya simu ya kurejesha akaunti, kisha nywila. Mpangilio huo usiugeuze. Halafu hapo hapo angalia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako, uvitoe vyote usivyovijua. Na ubonyeze wewe, yeye awe anasema tu.

Yule wa stendi naye usimsahau. Huko ESS ndiko zinakopita likizo yako na uhamisho wako, na salari slipu inamwambia kila kitu kuhusu mshahara wako mtu ambaye hata jina lake la pili pengine hulijui. Ukirudi likizo, fanya vile vile.

Watu husema nywila isiandikwe popote. Mimi nakwambia iandike, kwenye daftari linalokaa kabatini kwako chini ya vitenge. Nywila iliyo ndani ya kabati lako haina hatari kama iliyo kichwani kwa mtu wa stendi. Tumia sentensi ndefu ambayo wewe tu ungeifikiria, isiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa.

Turudi kwenye lile unaloliogopa zaidi.

Unasema kompyuta ni kitu kingine. Kitu kingine na nini? Wewe unakusanya michango ya kikoba kwenye simu. Unajua nani ametuma, nani bado, nani ametuma pungufu akasema ni makato. Daftari lako la kikoba lina majina kwenda chini na miezi kwenda pembeni, sivyo? Siku utakayofungua Excel utakuta ni daftari hilo hilo, isipokuwa hili linajumlisha lenyewe. Kundi la wazazi unaliongoza, unajua kumtoa anayetuma matangazo ya biashara na kumbembeleza aliyenuna. Hiki unachokikosa kinaweza kuwa ni kipanya na kibodi tu, yaani ni mkono, kichwa kinajua tayari. Naweza kuwa nakosea. Lakini ungependa kujua njia ya kulipima hilo? WhatsApp yako hiyo hiyo inafunguka kwenye laptopu. Unaifungua kwenye kompyuta, inakuonyesha mraba wenye madoadoa, unafungua WhatsApp ya simu sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, unaupiga kwa kamera humo humo, na kundi lako la wazazi linatokea kwenye kioo kikubwa. Ukiwajibu wazazi kwa vidole kumi badala ya dole gumba kwa wiki mbili, utakuwa umechapa kurasa kadhaa bila kuita asaimenti.

Na lile bonyezo la mara mbili, mwalimu. Kompyuta ina mahali pa kupunguza kasi ya bonyezo. Kwenye Windows, ukienda kwenye mipangilio ya kipanya, kuna kijiti unakisogeza upande wa polepole, na baada ya hapo mashine inakusubiri. Siku ile maabara mtu angeweza kukisogeza kwa sekunde kumi. Windows zilipoanza kuja na mchezo wa karata mwaka 1990, watu wengi wazima walijifunza humo kuburuta na kubonyeza, wakidhani wanapoteza muda. Kibodi nayo ina siri yake: pitisha vidole vya shahada polepole mpaka uguse vinundu viwili vidogo. Kimoja kiko kwenye F, kingine kwenye J. Vimewekwa pale ili anayechapa arudi nyumbani bila kuangalia chini. Kwetu kilikuwa kitambaa, kwenu ni vinundu.

Nimefikiria sana yale maneno mawili, "Mama, lete." Darasa la pili mtoto akigeuza b ikawa d, wewe humnyang'anyi penseli ukamwandikia. Pengine unauweka mkono wako juu ya wake, au unachora herufi hewani naye anaifuata, na ikiharibika unampa mstari mwingine. Nina hakika umeshawaona wazazi wanaowafanyia watoto kazi za nyumbani, na unajua watoto wale wanavyokuwa Januari. Kijana wa maabara alikuwa na adabu, wa steshenari ana moyo wa kusaidia, wa stendi vile vile. Wote watatu walikusaidia kwa kukitoa kitu mkononi mwako. Sasa unaposema vidole vimezoea chaki, mimi najiuliza kama vidole hivyo vimewahi kupewa hata dakika ishirini mfululizo.

Basi, nani akae pembeni yako bila kunyang'anya? Njia zipo kadhaa na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kujiandikisha kozi fupi nje ya chuo. VETA wanazo, na mitaani ziko za kila aina. Uzuri wake ni kwamba pale hakuna anayekuita Mama IT. Ubaya ni ada na nauli, na nyingi za mitaani hufundisha kwa mtindo ule ule wa daftari: wiki ya kwanza yote ni historia ya kompyuta. Ukienda, uliza kabla ya kulipa kila mtu anakaa na mashine yake au mnagawana.

Unaweza pia kumgeuza kijana wa steshenari awe mwalimu. Badala ya kumpa sh 1,000 kwa ukurasa, umlipe hiyo hiyo kwa ukurasa unaochapa wewe yeye akiwa anaangalia. Anakujua, na mtaachana na kurasa saba kwa amani. Ila dukani kuna foleni, na mtu mwenye foleni atasema "lete" kabla hujamaliza neno la kwanza.

Kisha kuna yule binti. Ulimjibu vibaya, mwenyewe umekiri. Lakini angalia alivyofanya: hakusema darasani wala kwenye kundi, alisema foleni kwa sauti ya chini. Maana yake alishajua. Na kama yeye alijua, siri yako ina watu wangapi? Pengine wachache, pengine nusu ya darasa wanaokuita Mama IT kwa upendo huku wanajua. Sikwambii hivyo kukutisha. Unalipa gharama kubwa kuilinda siri hii, ni vizuri ukajua kama bado ni siri.

Ukimrudia, itabidi kwanza umwombe radhi, na kwa mtu wa umri wako kumwomba radhi mtu wa umri wake si jambo dogo. Anaweza kusita. Anaweza pia kusimulia. Lakini hutakwenda mikono mitupu. Mazoezi ya kufundisha yanakuja, na huyo binti huenda hajawahi kusimama mbele ya watoto sabini wenye njaa saa sita mchana. Andalio la somo analijua kwa nadharia, kama wewe ulivyoijua kompyuta. Huoni kama kuna cha kubadilishana hapo?

Kuhusu msimamizi, naona milango miwili. Unaweza kumwambia sehemu tu: kwamba kasi yako ya kuchapa ni ndogo na unaomba rasimu ya kwanza uilete kwa kalamu, kisha uihamishe mwenyewe kwenye faili. Wasimamizi wengi wameshakutana na hilo. Au unaweza kumwambia yote, pamoja na utangulizi uliosifiwa. Huo wa pili una uzito. Vyuo vina kanuni kuhusu kazi isiyo yako, na siwezi kukuahidi atalipokeaje: anaweza kukushukuru, anaweza kuona lazima alifikishe mbele. Kunyamaza nako kuna bei yake, kwa sababu atakuwa anasubiri uandishi ule ule kwenye utafiti, na wewe utakuwa unajipima kila siku na mtu ambaye si wewe. Wewe ndiye unayejua ni mzigo upi utaubeba bila kuanguka. Kama una mwenzako mtu mzima hapo chuoni, au mshauri wa wanafunzi, mpitishie kabla ya kuamua. Na ile ya kusema uliumwa, iangalie unapopima, maana ni ndogo lakini ndiyo ya kwanza uliyoisema kwa mdomo wako.

Kumalizia hivi hivi nako ni njia, sitajifanya haipo. Wapo waliomaliza hivyo. Gharama yake utailipia nyumbani, mbele ya kompyuta nane.

Mwalimu mkuu, kwa mtazamo wangu, umemsikia akisema zaidi ya alichosema. "Mtaalamu wetu" maana yake ni nini kwake? Fundi? Mtu wa kutunza funguo za chumba? Muulize. Muulize pia chumba kina nondo madirishani? Umeme upo, na tokeni za LUKU atanunua nani? Nane kwa watoto wangapi? Kompyuta nyingi za ufadhili zimezeekea kwenye maboksi kwa sababu maswali haya hayakuulizwa, na anayeyauliza huwa ni mweka hazina wa kikoba kabla ya mtaalamu wa kompyuta. Ukiwa unayauliza, unaweza kuchomekea, "Mimi mwenyewe bado najifunza, mkuu." Leo sentensi hiyo ni nyepesi. Kila kikao cha wazazi kitaiongezea uzito kidogo.

Ile A ni yako. Uliulizwa kwa karatasi, ukajibu kwa karatasi. Kumpima mtu kompyuta kwa kalamu ni sawa na kumpa mtu alama za kupika chapati kwa kueleza unga ni nini, na hilo ni swali la aliyetunga mtihani.

Kuhusu mume wako sina mengi. Aliuza mahindi ili usome, hakusema kasi ya kuchapa iwe ngapi. Bandua ile plastiki.

Ukipenda, niandikie baada ya wiki chache uniambie umeanzia wapi, hata kama ni pengine tofauti na nilikotaja. Halafu ukurasa wa tatu wa barua yako ulinifikia kichwa chini. Niligeuza simu nikausoma. WhatsApp ina kitufe cha kugeuza picha kabla hujaituma, kiko juu ya picha. Sikwambii kinafananaje, kitafute.